Jinsi ya Kuwa Mtu wa IT Bila Kugusa Kompyuta

Kila mwaka, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, kikao kingine hukaa sebuleni kwenu, chini ya feni, na ajenda yake ni moja: huyu mtoto asome nini? Wajumbe ni baba, mama, baba mdogo aliyepita kusalimia tu, shangazi aliye kwenye simu iliyowekwa sauti ya juu, na jirani ambaye hakualikwa ila ana kijana wake Canada. Mtoto mwenyewe katumwa soda.

Udaktari unakataliwa na matokeo. Sheria inakataliwa na mama. Ualimu hautajwi, kwa heshima ya baba ambaye ni mwalimu. Kimya kinatanda, kisha mtu anakohoa na kusema: "Asome IT bwana. Dunia yote imehamia kwenye kompyuta." Kikao kinafungwa kwa sala.

Mimi nimo kwenye kazi hiyo mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimefanya kazi na waliopitia chuo kikuu, waliopitia VETA, waliopitia kibanda cha kutengeneza simu, na waliopitia kwa mjomba. Ila kundi kubwa kuliko yote ni la wale ambao hawakufika, na cha ajabu ni kwamba hao ndio wenye utaratibu: hatua ni zilezile, kana kwamba kuna karatasi waligawiwa. Nimeona niiandike hiyo karatasi, mtu asije akapotea njia. Ukiifuata bila kuruka mstari, utapata joho, picha ya joho, na jina la "mtu wa IT" mtaa mzima, na vidole vyako vitabaki laini kama siku ulipozaliwa.

Hatua ya kwanza: Muulize asiyejua

Usimuulize anayeifanya kazi yenyewe, atakuharibia siku. Atataka kujua kama hisabati unaiweza, kama Kiingereza cha kusomea maelekezo kipo, na kama umewahi kukaa saa nne unatafuta kosa moja ukalipata ukafurahi. Maswali ya namna hiyo hayajengi familia.

Muulize baba mdogo. Yeye ana kigezo kimoja tu: "Huyu mtoto simu anaijua sana." Na kweli anaijua. Anajua kuweka muziki kwenye video, anajua bando la usiku linaanza saa ngapi, na anajua nywila ya Wi-Fi ya jirani. Kwa kigezo hicho hicho, mtu anayekula chapati sita kila asubuhi apewe kiwanda cha kusaga ngano.

Hatua ya pili: Chagua kozi kwa urefu wa jina

Chukua orodha ya kozi, simama mbele ya kioo, soma majina kwa sauti. Litakalokufanya uonekane mrefu zaidi, ndilo. Usijishughulishe na tofauti zake, maana ukizijua unaweza kuchagua vizuri kwa bahati mbaya.

Kwa mfano, usijue kwamba Sayansi ya Kompyuta ni hisabati iliyovaa suti. Mantiki, takwimu, na namna ya kumfundisha punguani asiyechoka apange orodha ya majina milioni moja bila kukosea. Aliyeikimbia hisabati kidato cha nne ataikuta imetangulia darasani mwaka wa kwanza, na imemshikia kiti. Usijue kwamba Teknolojia ya Habari huelemea kwenye kuunganisha na kuendesha vilivyokwisha kutengenezwa: mitandao, seva, hifadhidata, na watumiaji wenye hasira. Usijue kwamba Mifumo ya Habari ni nusu kompyuta na nusu biashara, na kwamba mwenye akili ya mahesabu ya duka anaweza kung'ara humo. Wala usijue kwamba Uhandisi wa Kompyuta una umeme ndani yake na kwa kawaida ni wa miaka minne, wakati wenzako wa kozi nyingine wanavaa joho baada ya mitatu.

Ukishindwa kabisa kuamua, chukua Usalama wa Mtandao, kwa sababu ya filamu. Unaijua ile picha: jamaa kavaa kofia ya sweta, chumba giza, herufi za kijani zinamiminika, dakika mbili benki imefunguka. Asikwambie mtu kwamba kazi yenyewe ni kusoma kumbukumbu za mfumo mistari elfu kwa elfu, na kumsihi mkurugenzi aache kuandika nywila yake kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha kompyuta. Asikwambie pia kwamba anayetaka kulinda nyumba hana budi kujua kwanza milango yake iko mingapi, yaani mitandao na mifumo endeshi, vile vitu ulivyovikimbia kwa sababu majina yake ni mafupi.

Kuna na kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Humo kila kozi ya kila chuo imeandikiwa masharti yake: masomo gani mawili ya tahasusi uwe umefaulu, na pointi ngapi, A ikihesabiwa 5 na kushuka hadi E yenye 1, huku kiwango cha chini cha jumla kikiwa pointi 4 kwa masomo hayo mawili. Kinapatikana bure. Usikisome. Omba kwanza, ukikosa sema mfumo ulikuwa chini.

Hatua ya tatu: Dharau ngazi za chini

Hapa ndipo familia nyingi hufanya vizuri zaidi. Mtoto wa kidato cha nne kapata D nne. Mtu mmoja anasema apelekwe VETA, au aanze astashahada. Mama anashika kichwa: "Mwanangu awe fundi?" Basi mtoto anarudishwa kurudia mtihani, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi ndevu zinaota.

Msifungue kabisa habari za NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, maana mtakuta ngazi imesimama wima na haina mlinzi. Mwenye ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, hata kwa D, masomo ya dini yakiwekwa pembeni, huweza kuanza ngazi ya 4, astashahada ya awali. Anapanda ya 5, kisha ya 6, ambayo ni stashahada. Kwa kawaida ni mwaka mmoja kila ngazi. Akitoka na GPA ya 3.0 kwenda juu, anaruhusiwa kuomba shahada, ambayo ni ngazi ya 8. Yule wa tahasusi anakwenda miaka miwili ya kidato cha tano na sita, huyu wa stashahada anakwenda mitatu, na wote wawili wanakutana kwenye foleni moja ya usajili. Tofauti ni kwamba mmoja wao tayari ana kazi mkononi. DIT, pale makutano ya Bibi Titi na Morogoro, ilianza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi, na hadi leo stashahada na shahada zinatoka kwenye geti moja. Lakini wewe usipite upande huo, panda daladala za upande wa pili.

Mimi niliidharau njia hiyo kwa moyo wote, na faida yake niliiona mapema.

Digrii yangu ilikuwa na umri wa miezi minne. Ofisi iliyoniajiri ilikuwa na ghorofa mbili, na bosi akaniagiza nivute waya wa mtandao kutoka chumba cha seva hadi uhasibu, mita kama arobaini hivi. Akauliza kama aite fundi. Nikajisikia kutukanwa. Somo la mitandao nilikuwa na A. Zile tabaka saba za mawasiliano ningeweza kuzichora nimefumba macho.

Nikauchuna ule waya. Ndani yake kuna nyaya nyembamba nane, jozi nne, kila jozi imesokotwa: ya chungwa na mwenzake mweupe mwenye mistari ya chungwa, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Nikazinyoosha vizuri, nikazipanga kwa heshima ya ndoa, kila mtu pembeni ya mwenziwe: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Ilipendeza. Nikachomeka kwenye kichwa cha plastiki, nikabana kwa krimpa. Upande wa pili nikafanya vilevile. Nikaweka testa. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili, ya tatu, hadi ya nane, kwa mpangilio, kijani tupu. Nikamwita bosi aje aone.

Mama wa uhasibu akafungua mfumo wake wa malipo. Taa ya swichi ikawaka, ikazima, ikawaka. Ukurasa ukazunguka. Ukazunguka mpaka akaenda kunywa chai akarudi. Siku mbili nilihangaika. Nikabadilisha anwani ya mashine. Nikabadilisha swichi. Nikampigia Windows upya yule mama, nikampotezea na picha za harusi ya mwanawe, jambo ambalo hajanisamehe mpaka leo.

Siku ya tatu wakaja vijana wa kufunga kamera. Mmoja wao, umri wake haukuzidi miaka ishirini na mbili, cheti cha VETA, begi la zana mgongoni, alipita pale nilipokaa sakafuni. Akachukua kile kichwa cha waya, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, maana plastiki yake unaona ndani. Hakugusa kompyuta yoyote.

"Injinia," akasema, kwa upole kabisa, "ya tatu na ya sita umewatenganisha."

Nikamwambia testa inaonyesha zote nane zipo.

"Testa inakwambia waya umefika, mkuu. Haikwambii umefika na nani."

Akanieleza huku anakata. Data hapo inasafiri kwa jozi: pini ya kwanza na ya pili, halafu pini ya tatu na ya sita. Nyaya za jozi moja lazima ziwe zilizosokotwa pamoja, kwa sababu msokoto ndio unaofuta kelele za umeme zinazoingia njiani. Kwa mpango wangu wa ndoa, kwenye pini ya tatu kulikuwa na nyeupe-kijani na kwenye ya sita kulikuwa na bluu, watu wasiojuana, wanatembea pamoja mita arobaini. Akapanga upya: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani kimeruka kumfuata mwenzake upande wa pili wa bluu. Akabana, akaenda ghorofa ya chini akafanya vilevile, akarudi. Haikuchukua robo saa. Mama wa uhasibu akalipa ankara tatu papo hapo na kumuuliza kijana kama ameshakula.

Usiku ule nikafungua madaftari yangu ya chuo. Msokoto wa nyaya na sababu zake ulikuwemo, ukurasa mzima, kwa mwandiko wangu. Niliufanyia mtihani na nikaupata.

Hatua ya nne: Usimiliki kompyuta

Hapa una historia nyuma yako. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondoka zamani, mashine zimejaa Kariakoo, lakini mwanafunzi makini anaweza kujipigia marufuku yake mwenyewe na kuitunza miaka mitatu.

Utaratibu ni huu. Bumu likiingia, ile fedha ya Bodi ya Mikopo ya chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku, hesabu kwanza simu. Simu iwe na kamera tatu. Halafu viatu. Halafu spika, kwa sababu chumba bila spika ni hospitali. Mwenzako atakwambia kuna kompyuta mpakato za mtumba, zile nyeusi nzitonzito zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani, haziuzi sura lakini hazifi, na bei yake haifiki ya hiyo simu. Mwangalie kwa huruma. Mtumba!

Darasani kwenye maabara, kompyuta moja mnakaa wanne. Kaa wa nne. Kibodi mwachie yule mwenye kiherehere, wewe piga picha kioo. Mtihani nao mara nyingi unaandikwa kwa kalamu, na programu iliyoandikwa kwenye karatasi ina sifa moja nzuri: haigomi. Ukisahau nukta-mkato, karatasi inakuvumilia. Mashine haina adabu hiyo.

Kuhusu bando, jihadhari nalo. Tangu mkongo wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti imekuwa mahali pa hatari: mtu anaweza kujikuta amesoma. Somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard limo mtandaoni bure, mihadhara na mazoezi yake. freeCodeCamp ipo tangu 2014, nayo haitozi senti. Cisco wanayo programu ya Packet Tracer, unajenga humo mtandao wa ofisi nzima, ruta na swichi, bila kununua hata waya mmoja, na unaharibu na kurudia bila bosi kujua. Vyote hivyo vinakula bando ambalo lingetosha video mia mbili za watu wakianguka.

Hatua ya tano: Fildi ya kiyoyozi na mradi wa maktaba

Mafunzo kwa vitendo ni wiki kama nane za hatari tupu, maana hapo kuna kompyuta kweli. Jilinde kwa kuchagua ofisi ya mjomba. Iwe na kiyoyozi. Ukifika sema wewe ni wa IT, watakupeleka kwenye mashine ya kutolea kopi na hutatoka tena.

Kile kitabu cha kumbukumbu za kila siku usikiandike kila siku. Subiri usiku wa mwisho. Tafuta kalamu tatu, ya bluu, nyeusi na ile bluu inayokaribia kuisha, ubadilishe kila baada ya ukurasa ili ionekane miezi imepita. Andika "nilisaidia kutatua tatizo la mtandao" mara kumi na nne. Mjomba atasaini huku anakula.

Mradi wa mwaka wa mwisho ni rahisi zaidi. Kuna vijana pembeni ya chuo wanauza, na mada inayouzika sana ni Mfumo wa Kusimamia Maktaba. Ukinunua, badilisha jina la chuo na rangi ya ukurasa wa kwanza. Siku hizi hata kununua si lazima, akili mnemba itakuandikia kabla chai haijapoa. Hatari ni moja tu: siku ya kutetea, mzee mmoja kwenye jopo anaweza kunyoosha kidole kwenye mstari wa arobaini na kuuliza, "Kijana, hapa panafanyika nini?" Jibu: mfumo uko chini.

Nami ninacho cha kukiri. Chuoni kwetu mwaka ule tuliwasilisha mifumo ya maktaba sita. Maktaba yenyewe, hatua mia moja kutoka pale, ilikuwa ikiandikisha vitabu kwenye kaunta buku lenye jalada jekundu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kumuuliza yule mama wa maktaba anasumbuliwa na nini.

Hatua ya sita: Kusanya vyeti

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wewe utatembea na faili. Vyeti ni vya aina mbili. Kuna vya kuhudhuria, vinavyopatikana kwenye kongamano lenye wali na kuku. Hivi ni salama kabisa, kusanya hata thelathini.

Halafu kuna vya mtihani. Hivi vina miiba. CCNA ya Cisco, kwa mfano, ni mtihani wa dakika 120, ada yake ni dola 300, na cheti kinaisha nguvu baada ya miaka mitatu. CompTIA A+ ni mitihani miwili, nayo ni ya miaka mitatu. Njia ya kuvikwepa huku unavipata ni kutafuta maswali na majibu yaliyovuja, ukayakariri kama kasida. Utafaulu. Kisha siku ya kwanza kazini utaingizwa chumba cha vifaa, utaonyeshwa ruta inayowaka taa nyekundu, na watu watano watasimama nyuma yako wakisubiri. Jina la kozi halitakusaidia hapo, hata liwe refu namna gani.

Hatua ya saba: Mtaje Bill Gates

Siku masomo yanapokuwa magumu, tangaza kwamba Bill Gates aliacha chuo. Ni kweli. Lakini hadithi ikatize hapohapo, usiendelee kusoma. Ukiendelea utakuta kwamba chuo alichoacha mwaka 1975 kilikuwa Harvard, kwamba aliacha kwa sababu tayari alikuwa na kazi ya programu inayomsubiri, na kwamba alianza kuandika programu mwaka 1968, akiwa mvulana wa miaka kumi na mitatu, kwenye mtambo uliokuwa shuleni kwao. Siku anaaga chuo, mikono yake ilikuwa na miaka saba kwenye kibodi. Yako ina miaka saba kwenye rimoti. Kwa hiyo taja jina tu, kisha lala.

Hatua ya nane: Kataa kazi ndogondogo

Umehitimu. Sasa mtaa utaanza kukujaribu. Mama wa duka la vifaa vya shule ataleta flashi yenye virusi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ataomba umwekee orodha ya wakazi kwenye Excel. Mchungaji atasema printa ya kanisa inameza karatasi. Watakuita "kijana wetu wa IT" na hawatakuwa na hela ya maana.

Kataa. Sema: "Mimi nimesoma mifumo, mambo ya printa ni ya mafundi." Rudi ndani, fungua mfumo wa ajira serikalini, angalia kama nafasi zimetangazwa. Angalia tena jioni. Zikitangazwa na ukaitwa, utakuta usaili wa kada hizi una mchujo wa kuandika na mara nyingi una na wa vitendo, ambapo unawekwa mbele ya mashine na saa inatembea. Lakini usihofu. Hapo ndipo mwongozo huu unakuwa umekamilika: utaweza kusema, kwa kweli kabisa, kwamba nchi hii haithamini wasomi.

Utani pembeni

Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Kikao cha sebuleni kinagombania jembe, saa tatu nzima, na hakuna aliyeuliza kama kuna mtu amewahi kushika udongo.

Majembe yote yanalima. Kama hisabati unaipenda na pointi zinaruhusu, nenda Sayansi ya Kompyuta wala usisite. Kama una D zako nne na mzazi mwenye mfuko mwembamba, ngazi ya 4 si aibu, na ya 8 iko juu ya ngazi hiyohiyo. Kama unapenda bisibisi, VETA. Kama una kazi nyingine na jioni tu ndiyo yako, masomo ya bure yapo, na bando la usiku lipo. Ukikopeshwa na Bodi, jua tu kwamba siku ukiajiriwa itakuwa inachukua asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi hadi deni liishe, kwa hiyo hakikisha ile miaka ilikuachia kitu zaidi ya picha ya joho.

Ile kumbukumbu namba unayopewa kulipia ada, leseni na faini inatoka kwenye mfumo wa malipo ya serikali, GePG. Mfumo wa zabuni za serikali unaitwa NeST. Yote miwili ilijengwa hapahapa na Watanzania. Kuna watu walikaa na mistari ile, usiku, kitu kinagoma, wanatafuta wapi pamekosewa. Kazi hii ni hiyo tu: kukaa na kitu kisichofanya kazi hadi kifanye. Anayeweza kuvumilia hilo, kozi yoyote itamfaa. Asiyeweza, hakuna jina la kozi litakalomwokoa.

Yule kijana wa kamera, kwa mnaouliza, alisoma stashahada jioni, kisha shahada. Leo ni mkuu wa kitengo chetu, na fomu yangu ya likizo anasaini yeye.

Basi wewe uliyekaa na matokeo mkononi, nawe mzazi wake: majibu ya vyuo hayatoki kesho. Wiki mbili hizi za kusubiri, mtafuteni fundi wa kompyuta hapo mtaani, yule mwenye meza na feni ndogo, mwombeni kijana akae naye bure. Ashike bisibisi, apige Windows, afagie vumbi, aulize. Akirudi wiki ya pili hataki tena, mmeokoa ada ya miaka mitatu. Akirudi usiku bila kula kwa sababu kuna mashine imegoma na hataki kuiacha, itisheni kikao kingine, na safari hii msimtume soda.